Manowari Mbili na Sahani ya Wali

Katika vitabu vya bayolojia vya shule za sekondari, ugonjwa wa beriberi kwa kawaida hupewa mstari mmoja tu katika jedwali la vitamini. Upande wa kushoto huandikwa Vitamini B1, katikati huorodheshwa vyakula viletavyo vitamini hiyo, na upande wa kulia hutajwa ugonjwa umpatao mtu aikosaye. Mwanafunzi huukariri mstari huo, huuandika katika karatasi ya mtihani, hupewa alama yake, na mambo yakaishia hapo. Sina ugomvi na jedwali. Ugomvi wangu ni kwamba jedwali humfanya mwanafunzi aamini kuwa mambo hayo yalijulikana tangu hapo, kana kwamba yalishushwa kutoka juu yakiwa yamekwisha kupangwa katika safu tatu. Mstari huo uligharimu maisha ya mabaharia na askari maelfu kwa maelfu, na sehemu yake ya kwanza iliandikwa ndani ya manowari mbili za Japani kati ya mwaka 1882 na mwaka 1884.

Mwezi wa Desemba 1882 manowari iitwayo Ryujo, iliyoundwa Aberdeen katika Uskoti, iling'oa nanga kutoka Japani kwa safari ndefu ya mafunzo. Ilichukua watu 376. Njia yake ilikuwa kushuka hadi Nyuzilandi, kuvuka Bahari ya Pasifiki mpaka Chile na Peru, kupanda hadi Honolulu katika visiwa vya Hawaii, kisha kurejea nyumbani. Safari nzima ilichukua takriban miezi tisa. Katika watu hao 376, watu 169 walipatwa na beriberi, na 25 kati yao walifariki. Hapakuwa na vita, wala dhoruba ya kuvunja chombo, wala maji yenye kipindupindu. Walikufa katika safari ya amani, wakiwa wanakula kila siku na kushiba.

Msomaji ambaye hajapata kumwona mgonjwa wa beriberi yafaa aelezwe ugonjwa wenyewe ulivyo, kwa maana jina peke yake halielezi kitu. Huanza kwa namna isiyotisha. Baharia husikia uchovu, miguu huwa mizito, nyayo na vidole hufa ganzi. Akichuchumaa hawezi kuinuka bila ya kushika kitu. Kwa baadhi ya wagonjwa neva huharibika, misuli ya miguu hukonda, na hatimaye mtu hupooza. Hiyo ndiyo huitwa beriberi kavu. Kwa wengine mwili hujaa maji, na muundi ukibonyezwa kwa kidole huacha shimo. Moyo hupanuka na kwenda mbio, pumzi hukatika, na mtu aliyekuwa akizungumza na wenzake asubuhi aweza kufa kabla ya jua kuchwa. Sasa mweke mgonjwa huyo katika sitaha ya chini ya manowari ya karne ya kumi na tisa, mahali ambapo watu hulala karibu karibu katika vitanda vya kuning'inia, hewa ni nzito, na chombo hakitulii. Kisha zidisha kwa 169. Kila anayelala huacha zamu yake ya kazi kwa mwenzake, na mwenzake naye huanza kusikia miguu kufa ganzi.

Matabibu wa manowari hawakuwa wazembe. Walikuwa na dawa za kuharisha, dawa za kuusaidia moyo, na amri ya kumpumzisha mgonjwa. Walihimiza usafi wa sitaha na kuingiza hewa safi. Dawa hizo hazikuugusa ugonjwa. Ryujo ilipofika Honolulu wagonjwa walikuwa wengi kiasi kwamba waliosalia wazima hawakutosha kukiendesha chombo. Manowari ikatia nanga, vyakula vikanunuliwa bandarini, nyama na mboga na mikate, mabaharia wakalishwa hivyo badala ya wali wao wa kila siku. Wagonjwa wakaanza kupata nafuu, na manowari ikaweza kurudi nyumbani.

Jambo hilo la Honolulu lingeweza kuandikwa katika kumbukumbu za chombo na kusahauliwa. Mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Wakati huu lilimfikia mtu aliyekuwa akilitafuta.

Takaki Kanehiro alizaliwa mwaka 1849 kusini mwa Japani. Aliingia katika utabibu wa jeshi la wanamaji mwaka 1872, na mwaka 1875 akapelekwa London kusoma katika hospitali ya St Thomas, alikokaa miaka mitano. Aliporejea mwaka 1880 alikuta karibu thuluthi moja ya wanamaji wote wakiugua beriberi kila mwaka. Japani yote iliujua ugonjwa huu na kuuita kakke. Tangu karne zilizotangulia ulikuwa ugonjwa wa mijini zaidi kuliko mashambani. Watu wa mji wa Edo, ambao ndio Tokyo ya leo, waliokula mchele mweupe uliokobolewa, waliugua, na wakirudi vijijini kwao kula nafaka za kimaskini mara nyingi walipona. Mfalme Meiji mwenyewe aliugua. Mwaka 1878 serikali ilifungua Tokyo hospitali maalumu kwa ajili ya maradhi hayo, wakawekwa humo waganga wa tiba ya asili na madaktari wa tiba ya Ulaya ili ionekane nani ataweza kuponya. Na mwaka 1882, ghasia zilipozuka Korea na Japani ikapeleka manowari zake huko, wakuu wa jeshi waligundua kwa hofu kwamba mabaharia wengi walikuwa hawawezi kusimama kwa beriberi. Kama vita na China vingezuka siku zile, mizinga ingekosa watu wa kuipiga.

Takaki hakuanza kwa darubini. Alianza kwa daftari. Aliuliza maswali ambayo mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili aweza kuyauliza: ni nani anayeugua, anaugua wapi, na anaugua lini? Akapitia kumbukumbu za vyombo na kambi. Akaona ya kwamba mabaharia wa chini waliugua sana, maofisa waliugua kidogo. Akaona ya kwamba manowari ikikaa katika bandari za kigeni ugonjwa hupungua, na ikirudi baharini au nyumbani huongezeka. Alichunguza mavazi, malazi, hali ya hewa na aina ya kazi. Hakuona tofauti iliyoweza kueleza jambo hilo. Tofauti aliiona katika chakula. Wanamaji wa Japani siku zile walilipwa posho ya chakula kwa fedha taslimu. Maofisa walikula vizuri. Baharia wa kawaida, mtoto wa maskini, alinunua wali mweupe wa kujaza tumbo, akajinyima kitoweo, na fedha iliyobaki akaipeleka kwa wazazi wake. Kwa hiyo aliyekuwa mwema zaidi kwa jamaa zake ndiye aliyekuwa karibu zaidi na kaburi. Napenda walimu waisome sentensi hiyo mbele ya darasa, kwa sababu inaonyesha jinsi chanzo cha maradhi kiwezavyo kujificha ndani ya utaratibu wa malipo ya mshahara, mahali ambapo hakuna darubini iwezayo kukiona.

Kuona uhusiano si sawa na kuuthibitisha. Takaki alilijua hilo, na hapa ndipo ninapomheshimu kuliko mahali pengine popote. Alikwenda kwa wakuu wa serikali akaomba kwamba manowari ya pili, Tsukuba, iliyokuwa zamani ya Waingereza kwa jina la Malacca, ipelekwe safari ya mafunzo kwa njia ile ile iliyopitwa na Ryujo, kwa muda unaokaribiana, tofauti kubwa ikiwa ni chakula tu. Kulifanya hilo kulihitaji fedha zaidi, na wenye kushika fedha hawakufurahi. Kama Tsukuba ingerudi na maiti, hapana shaka jina lake lingeanguka pamoja nayo. Alikubaliwa. Mwezi wa Februari 1884 Tsukuba iliondoka ikiwa na watu 333. Posho ya fedha ilifutwa, badala yake mabaharia walipewa nyama, samaki, maharage, mikate na maziwa ya kopo, na wali ukapunguzwa. Walikwenda Nyuzilandi, Amerika ya Kusini, Hawaii, wakarudi mwezi wa Novemba. Waliopatwa na beriberi hawakufika 20. Hakufa hata mmoja.

Baada ya hapo chakula cha jeshi zima la wanamaji kilibadilishwa. Mabaharia hawakupenda mkate, na wengine waliutupa baharini. Kwa hiyo mwaka 1885 Takaki alikubaliana nao nusu ya njia, akaamuru wali uchanganywe na shayiri. Ugonjwa uliokuwa ukiwaangusha wanamaji wapatao thuluthi moja kwa mwaka ulishuka mwaka huo huo chini ya asilimia moja. Baadaye alipopewa cheo cha ubaroni, watu walimtania kwa kumwita Baroni Shayiri.

Mpaka hapa hadithi ni nzuri, na vitabu vingi vya watoto huiachia hapo. Lakini Takaki alikosea. Alipopima vyakula alikokotoa uwiano wa nitrojeni na kaboni, akaona kwamba waliougua walikula sehemu moja ya nitrojeni kwa sehemu 28 za kaboni, na akashauri uwiano uwe sehemu moja kwa 15. Kwa maneno mengine, aliamini kwamba beriberi hutokana na upungufu wa protini. Sivyo. Protini haikuhusika. Nyama, maharage na shayiri ziliponya kwa sababu ya kitu kingine kilichokuwamo ndani yake, kitu ambacho hapana mtu duniani aliyekuwa na jina lake mwaka 1884. Nadharia yake ilikuwa ya uongo na dawa yake ilikuwa ya kweli.

Swali ambalo nawaomba walimu walitafakari ni hili: je, tungempa alama gani? Kwa desturi ya mitihani yetu angepata sifuri, maana sehemu ya "toa sababu" ingekuwa na jibu lisilo sahihi. Mimi ningempa alama nyingi. Sisemi hivyo kwa kuwa matokeo yalimpendeza kila mtu. Nasema hivyo kwa kuwa alilipanga jaribio lake kiasi kwamba jibu lingeweza kumkana, akaenda nalo hadharani.

Maadui zake walikuwa watu wenye elimu kubwa. Chuo Kikuu cha Tokyo na utabibu wa jeshi la nchi kavu vilifuata tiba ya Kijerumani, na katika Ujerumani ya miaka ile nyota ya Robert Koch ilikuwa imepanda: kijidudu cha kifua kikuu kimegunduliwa mwaka 1882, cha kipindupindu kimefuata. Kila ugonjwa ulitafutiwa kijidudu chake. Mwaka 1885 Ogata Masanori wa Tokyo alitangaza kuwa amekipata kijidudu cha beriberi. Kitasato Shibasaburo, Mjapani mwenzake aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Koch mjini Berlin, aliichambua kazi hiyo na kuonyesha kwamba haikusimama. Nyumbani akalaumiwa kwa kumvunjia heshima mtu aliyemtangulia na kumfundisha. Laana ya namna hiyo haijaisha katika vyuo vya dunia hii.

Aliyekuwa na makali zaidi ni Mori Rintaro, daktari wa jeshi la nchi kavu, ambaye wasomaji wa fasihi humjua kwa jina la Mori Ogai, mmoja wa waandishi wakubwa wa Japani. Alisoma Ujerumani kuanzia mwaka 1884 hadi mwaka 1888. Aliporudi, jeshi lilimwagiza apime vyakula vitatu: wali, wali wenye shayiri, na chakula cha Kizungu. Mwaka 1889 aliwalisha askari vyakula hivyo kwa siku chache chache, akapima nguvu iliyopatikana na nitrojeni iliyoingia na kutoka mwilini. Wali mweupe ukatoka wa kwanza.

Jaribio hilo halikuwa la hovyo. Vipimo vyake vilikuwa safi kuliko vya Takaki, na kwa swali lililoulizwa jibu lilikuwa sahihi: wali huupa mwili nguvu nyingi. Ila swali halikuwa lile lililowaua watu. Siku chache hazitoshi kumwonyesha mtu dalili za beriberi, na mizani ya nitrojeni haiwezi kupima kitu ambacho si nitrojeni. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hupata taabu kulikubali jambo hili, kwamba jaribio laweza kufanywa kwa uangalifu wote na bado likawa kipofu. Kwao mizani nzuri ni ukweli.

Wakati huo huo ushahidi ulikuwa umelala mlangoni pa jeshi. Katika magereza ya Japani wafungwa walilishwa wali uliochanganywa na shayiri kwa ajili ya kubana matumizi, na beriberi ikapungua magerezani. Daktari mmoja wa jeshi mjini Osaka aliliona hilo, akaingiza shayiri katika kambi yake, wagonjwa wake wakapungua. Kambi nyingine zikamwiga. Lakini vita vilipotokea, makao makuu yalipeleka mchele mweupe. Haikuwa ukaidi wa kitaaluma peke yake. Kijana wa shambani aliyezoea kula mtama na shayiri aliahidiwa wali mweupe jeshini, na wakuu waliona ni aibu kumpeleka mtu kufa huku akila chakula cha wafungwa.

Katika vita vya Japani na China vya mwaka 1894 na 1895, beriberi iliua askari wa nchi kavu wapatao 4,000, idadi iliyopita kwa mbali ile ya waliouawa kwa silaha. Miaka kumi baadaye, katika vita na Urusi vya 1904 na 1905, walioipata walizidi 200,000 na waliokufa kwa beriberi walikuwa takriban 27,000. Wanamaji, waliokuwa wakila shayiri kwa miaka ishirini, karibu hawakuguswa. Amri ya kuwalisha askari wa nchi kavu shayiri ilitolewa mwezi wa Machi 1905, vita vikielekea kwisha. Mwaka 1908 iliundwa tume ya kuchunguza beriberi, na mwenyekiti wake wa kwanza akawa Mori.

Nami ni mmoja wa waliopelekwa ng'ambo kusoma, kwa hiyo habari hii siisomi kama mtu wa mbali. Takaki alirudi na London, wapinzani wake walirudi na Berlin, na kila upande ulikuwa na haki ya kujivunia mwalimu wake. Tofauti, kwa maoni yangu, ni kwamba Takaki alirudi na namna ya kuuliza, ilhali baadhi ya wenzake walirudi na majibu. Majibu ya Berlin yalikuwa ya kweli kabisa kuhusu kifua kikuu na kipindupindu. Yalipopakiwa na kushushwa mahali ambapo hayakuulizwa, yakawa mzigo mwingine. Katika nchi changa zilizowapeleka vijana wake Moscow, London, Boston na Leipzig kwa wakati mmoja, yapo mabishano katika kumbi zetu ambayo ukiyachunguza kwa undani utakuta ni ya maprofesa wawili wa nchi nyingine, nasi tumekuwa wakili wao bila malipo. Mwanafunzi anayesikiliza mabishano hayo yafaa aruhusiwe kuuliza: mmepima hapa?

Mengine yaliyofuata nitayapitia kwa haraka. Katika kisiwa cha Java, kilichotawaliwa siku hizo na Uholanzi, daktari Christiaan Eijkman aliona kuku wa maabara wakipooza miguu. Walikuwa wakilishwa mabaki ya wali mweupe kutoka hospitali ya jeshi. Akaja mpishi mpya aliyekataa kuwapa kuku wa raia wali wa jeshi; kuku wakalishwa mchele usiosafishwa, wakapona. Eijkman naye alitafuta kijidudu kwanza, kisha akadhani kwamba wanga una sumu na pumba za mchele zina dawa ya kuiondoa. Mwenzake aliyemfuata, Gerrit Grijns, ndiye aliyesema wazi mwaka 1901 kwamba katika pumba mna kitu ambacho mwili hauwezi kuishi bila ya kukipata. Mwaka 1910 Suzuki Umetaro wa Japani alikitenga kwa sehemu kutoka katika pumba. Mwaka 1912 Casimir Funk akabuni jina la vitamini. Mwaka 1926 Jansen na Donath, huko huko Java, wakakipata kikiwa safi. Na mwaka 1936 Robert Williams akaweza kukiunda katika maabara Marekani. Ndicho kiitwacho thiamini.

Thiamini hufanya kazi pamoja na vimeng'enya ambavyo hukamilisha uchomaji wa wanga mwilini. Ikikosekana, wanga huingia lakini hauchomwi mpaka mwisho, na viungo vitegemeavyo nguvu hiyo kwa wingi, yaani neva na moyo, huwa vya kwanza kuanguka. Kadiri mtu alavyo wanga mwingi ndivyo ahitajivyo thiamini zaidi. Mwili wa mtu mzima huweka akiba ya miligramu 30 hivi tu, nayo huweza kwisha katika majuma machache. Sasa fanya hesabu ya baharia wa Ryujo. Gramu 100 za mchele uliokobolewa na kung'arishwa zina takriban miligramu 0.07 za thiamini. Zisipong'arishwa zina karibu miligramu 0.4. Tuseme baharia alikula gramu 800 za mchele mweupe kwa siku, ambazo zingempa nguvu ya kutosha kazi nzito. Angepata miligramu 0.56, naye ahitaji zaidi ya miligramu moja, tena maji ya kuoshea na kupikia huondoa sehemu nyingine. Tumbo limejaa, akiba yapungua kila siku, na meli ingali katikati ya Pasifiki. Hesabu hii yaweza kufanywa darasani kwa dakika kumi, na hueleza kwa nini ugonjwa ulijitokeza katika safari ndefu baina ya bandari na bandari.

Wapo watakaonijibu kwamba ninawasifia watu wa majaribio na kuwadharau wa nadharia. La. Jeshi la majini la Uingereza latupa mfano wa upande wa pili. James Lind, daktari wa manowari Salisbury, aliwajaribu mabaharia 12 wenye ugonjwa wa kiseyeye mwaka 1747 kwa kuwapa wawili wawili tiba mbalimbali. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Kuanzia mwaka 1795 maji ya malimau yalitolewa katika manowari, kiseyeye kikawa nadra. Lakini hapana aliyejua ni kitu gani ndani ya limau kilichoponya. Watu walidhani ni uchachu. Kwa hiyo katika miaka ya 1860 limau la nchi za Mediterania lilibadilishwa kwa ndimu za visiwa vya Karibi, ambazo ni chachu vilevile, lakini zina vitamini C kidogo zaidi, na maji yake yalipowekwa na kupitishwa katika mitambo ya shaba yalipoteza hata hiyo kidogo. Safari nyingi zilikuwa fupi siku hizo kwa sababu ya injini za mvuke, basi kosa halikuonekana. Lilionekana mwaka 1875 na 1876, msafara wa Nares ulipokwenda Aktiki na kupigwa na kiseyeye. Tiba iliyojulikana kwa miaka themanini ilipotea mikononi mwa waliokuwa nayo, kwa kuwa hawakujua kwa nini ilifanya kazi. Takaki bila Grijns ni nusu. Nasema tu kwamba nusu ya Takaki iliokoa watu wengi katika wakati ambapo nusu ya pili ilikuwa bado miaka ishirini mbele, na waliongoja nadharia safi waliwazika askari wao.

Nyumbani hatuna beriberi ya manowari, na sitaki kumtisha mtu. Ugali wetu mara nyingi huliwa kwa maharage, kunde au choroko, na vyote hivyo vina thiamini. Lakini tabia ya kuuona weupe kuwa ni heshima tunayo. Katika punje ya mahindi, kama ilivyo katika punje ya mpunga, sehemu kubwa ya thiamini imo katika kiini na ngozi ya nje, na hivyo ndivyo vinavyoondolewa mashineni ili tupate sembe. Pumba tunawapa kuku na ng'ombe, nao wananawiri. Familia yenye kitoweo haidhuriki sana kwa kula sembe. Familia ambayo mwisho wa mwezi hula sembe kwa mboga kidogo tu ndiyo inayopaswa kuuliza kwa nini inalipa ziada ili kupunguziwa chakula. Nimewasikia wanafunzi wa bweni wakinung'unikia dona kama mabaharia wa Takaki walivyonung'unikia shayiri, na kwa sababu ile ile.

Pendekezo langu kwa walimu ni dogo. Kabla ya kufungua jedwali la vitamini, andikeni ubaoni manowari mbili. Ryujo: watu 376, wagonjwa 169, waliokufa 25. Tsukuba: watu 333, wagonjwa wasiofika 20, waliokufa hakuna. Elezeni njia na chakula, wala msiseme neno thiamini. Waacheni wanafunzi wabishane. Mmoja atasema kwamba safari ya pili ilifanyika mwaka mwingine, labda ugonjwa ulikuwa umepungua wenyewe; mwingine atauliza kama mabaharia wa Tsukuba walichaguliwa kwa afya zao; wa tatu ataona kwamba vilibadilishwa vyakula vingi kwa pamoja, kwa hiyo haijulikani ni kipi kilichoponya. Wote watakuwa wamesema kweli, na kila hoja yao ilitolewa na watu wazima wenye vyeti siku zile. Wapeni muda wa kufikiri jaribio la tatu lingepangwaje.

Kisha bila shaka atatokea mmoja, mara nyingi ni yule akaaye nyuma, atakayeuliza habari za wale wachache walioumwa ndani ya Tsukuba: kama chakula ndicho kilichokuwa dawa, mbona wao waliugua? Takaki naye aliuliza hivyo hivyo manowari iliporudi. Wengi wao, aliambiwa, ni wale waliokataa kula nyama na kunywa maziwa ya kopo.